Pima anayelia machozi, si anayekata roho

Mbuzi wakianza kutoa makamasi na kuhara, huku Longido boma zima ni madaktari. Huyu anasema homa ya mapafu, yule sotoka, na mwenye chupa ya OTC, ile antibiotiki ya sindano, ameshadunga kundi lote kabla hajanipigia simu. Simlaumu sana. Homa ya mapafu inaletwa na bakteria, ukiiwahi dawa inasaidia. Sotoka ya mbuzi na kondoo ni virusi, jamaa wa karibu wa surua, na hakuna sindano ya kuiua. Dawa itazuia nimonia inayodandia juu yake, basi.

Ndiyo maana nakithamini kipimo cha haraka. Kinafanana na kile cha malaria cha zahanati. Unapitisha kijiti cha pamba ndani ya kope la chini, unakikoroga kwenye kichupa cha maji yake, unadondosha matone kwenye kidirisha, mnakaa kivulini. Haipiti nusu saa. Mistari miwili, ni sotoka. Ukitoka wa C peke yake, ule wa kuhakiki kipimo chenyewe, hakikuona kirusi. Usipotoka hata huo, kipimo kibovu, tupa.

Kazi iko kwenye kuchagua mbuzi. Wenye boma huniburutia yule aliyelala, tongotongo limemgandisha macho, kwa kuwa ndiye anayetia huruma. Mimi namtaka aliyeanza jana: mwili unachemka, machozi yanachuruzika, majani bado anayagusagusa. Virusi vimejaa kwa huyo. Aliyeugua siku nyingi vimeshapungua, na kipimo kinaweza kukaa kimya huku boma linateketea. Kwa hiyo sipimi mmoja, napima wanne au watano.

Juzi mistari ilitoka miwili, mzee akainama kuitazama.

“Daktari, sasa utawaponya?”

“Hapana, mzee. Ila mnadani kesho usiende nao.”

“Na ada ya chuo ya kijana?”

Sikuwa na la kumjibu. Kipimo kinampa hasara ya leo ili jirani asipate ya kesho, na fidia hakuna. Ni mzee anayekumbuka vizuri mwaka 2008, sotoka ilipothibitishwa Ngorongoro, kwa hiyo hakubisha. Alinuna tu.

Sampuli nyingine nilizifunga kwenye barafu ziende maabara, kwa sababu karantini haitangazwi kwa kipimo cha bomani peke yake. Boma la jirani, ambako hakuna aliyekuwa ameugua, tuliomba chanjo. Dozi moja hukinga miaka 3 na zaidi, lakini ikishachanganywa haivumilii joto, hivyo tumepanga kuanza alfajiri.