Jumamosi yangu Chanthaburi, mji unaoishi kwa mawe ya wengine

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Chumba changu kiko ghorofani, kwenye nyumba ya mbao ya mtaa wa zamani wa Chanthaboon, na dirisha linatazama mto moja kwa moja. Nikishaswali nakaa hapo dakika kumi kabla ya kelele kuanza. Mto Chanthaburi si mpana. Ukirusha jiwe (la kawaida, si la biashara) linafika ng'ambo. Unashuka kutoka milima ya Khao Soi Dao, unaupasua mji katikati, kisha unamwagika Ghuba ya Thailand pale Laem Sing. Msimu huu wa mvua maji yake yana rangi ya chai ya maziwa.

Saa moja na nusu. Tambi na kaa. Hizi tambi nyembamba za mchele Thailand nzima wanaziita sen Chan, kwa jina la mji huu. Sahani ambayo mji unajivunia zaidi ni nyama ya nguruwe iliyopikwa na majani machachu ya chamuang, lakini hiyo mimi naisikia harufu tu. Muuza tambi ameshanijua. Akiniona anatikisa kichwa, "mai mu", yaani hakuna nguruwe, kabla hata sijaketi.

Saa tatu. Kazi inaanza. Bangkok iko kilomita 245 hivi kutoka hapa, na kila mwisho wa wiki wanunuzi wanamiminika kutoka huko mpaka barabara ya Si Chan na vichochoro vyake, sokoni wanapopaita talat phloi, soko la vito. Mgeni kutoka kwetu anachanganyikiwa siku ya kwanza, maana soko limegeuzwa kichwa chini miguu juu: wenye meza ni wanunuzi, wanaozunguka ni sisi wauzaji. Mnunuzi anakodi meza, anawasha taa, anatangaza anachotafuta. Rubi kubwa, yakuti ndogo, spineli, chochote. Madalali tunamzonga kama nyuki. Utakutana na Wathai, Wahindi, Wasri Lanka, na Waafrika Magharibi ambao wengine Kithai chao kinanitia aibu mimi.

Leo nina mzigo mmoja tu: yakuti 14 za buluu za Tunduru, kwetu kusini mwa Tanzania, zilizokatwa Arusha, vibali vyote vimo mkobani. Ni mali ya mjomba. Mama mmoja wa Kithai anazimimina kwenye sahani nyeupe, anazipanga kwa kibano, anamulika tochi moja baada ya nyingine. Hasemi kitu. Anaandika bei kwenye kikokotoo na kunigeuzia.

Bei ni ndogo, lakini si ya matusi. Hapo kuna utaratibu ninaoupenda: mawe yanakunjwa kwenye karatasi, yanafungwa kwa gundi, juu inaandikwa bei aliyotoa. Mpaka mwenye mali ajibu, sina ruhusa ya kumfungulia mtu mwingine. Tatizo ni saa. Hapa ni saa tatu na nusu asubuhi, Tunduru ni saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Saa nne na nusu. Nampigia. "Shikamoo mjomba." "Marahaba, wanasemaje?" Namtajia. Kimya. "Mwambie aongeze, hayo mawe sikuyaokota barabarani." (Ukweli ni kwamba yameokotwa mtoni, Muhuwesi, ila huu si wakati wa kumkumbusha.) Mama anaongeza kidogo na kuniambia hilo ndilo neno lake la mwisho. Mjomba anataka muda afikiri.

Saa saba. Mvua. Najikinga kwa rafiki yangu mchoma mawe. Machimbo ya jirani, ya Khao Phloi Waen na ya Bo Rai kule Trat, yalitajirisha watu enzi zake, lakini sehemu kubwa yamekwisha. Mji haukufa, kwa sababu kilichobaki ni ujuzi wa moto. Jiwe lililopauka linaingia tanuri, linatoka limekolea. Mwaka 2002 moto wa hapa ulitikisa biashara ya dunia nzima: yakuti za Songea na Madagaska zilikuwa zikitoka tanurini na rangi ya chungwa ya kupendeza, maabara zikaja kugundua kwamba madini ya berili yalipenyezwa ndani yake wakati wa kuchomwa. Ukimgusia rafiki yangu habari hiyo anacheka na kubadilisha mazungumzo.

Saa tisa. Mvua imekatika, barabara inanuka doriani. Ndiyo, doriani yetu ya Unguja, ila hapa ni kilimo kikubwa hasa, na malori yamejaa mzigo wa kwenda China. Mkulima analigonga tunda kwa kijiti na kusikiliza kama limekomaa. Nanunua shokishoki kilo moja. Wao wanaziita ngo, lakini mkono wangu unazijua kwa jina lingine.

Nikiwa nazimenya, kijana dalali ananisogelea na karatasi. "Ceylon, Ceylon," ananong'ona, yaani jiwe la Sri Lanka kwa jina lake la zamani. Namulika. Nalifahamu jiwe hilo: nililiuza mimi, wiki mbili zilizopita, lina kikovu chembamba pembeni. Mawe ya Tunduru na ya Sri Lanka yanafanana kama watoto wa baba mmoja. Bei yake sasa imepanda karibu mara mbili. Namrudishia, namwambia ni zuri sana.

Saa kumi na moja. Navuka daraja la waenda kwa miguu hadi kanisa kuu la Bikira Maria, lililojengwa mwaka 1909. Waumini wake wengi wana asili ya Vietnam. Watalii wanapiga picha. Wakiniuliza pa kwenda nawaelekeza Laem Sing, mlangoni mwa mto, kwenye gereza dogo la matofali walilojenga Wafaransa walipoushika mji mwaka 1893. Linaitwa Khuk Khi Kai, jela ya mavi ya kuku: inasemekana kuku walifugwa juu, wafungwa wakakaa chini. Maporomoko ya Phlio ni mazuri zaidi, lakini nani anasahau jina kama hilo?

Saa kumi na mbili jioni. Simu inaita nikiwa bado darajani. Mjomba amekubali. Narudi mbio, mama anakata gundi, anahesabu mawe, anahesabu noti. Nampigia mjomba kumpa habari.

"Alhamdulillahi," anasema. "Sasa hayo mawe yanakwenda wapi?"

"Hayaendi mbali, mjomba. Kesho yatakuwa ya Sri Lanka."