Nyonga ni 4 kwa 5: nani alipima?

Nikikuta kwenye faili "misuli ya kutanua nyonga (inayopeleka mguu nje upande), 4 kwa 5", huwa nauliza kwanza mpimaji alikuwa nani.

Kipimo cha mkono cha 0 hadi 5 kilikomaa enzi za polio, na kwenye madaraja ya chini bado nakiheshimu: 3 ni mgonjwa anayeinua mguu dhidi ya uzito wake tu, basi. Tabu huanzia hapo kwenda juu, kwa kuwa 4 na 5 hutegemea mgonjwa anavyohimili mkono wa mpimaji unaomsukuma. Bibi anayechechemea anapewa 4, na mchezaji aliyebakiza wiki chache kurudi uwanjani naye 4. Mimi ni mwembamba. Dereva wa bodaboda aliyepona paja akilala ubavu na kusukuma mguu juu, ananishinda, na atapata 5 kwangu hata kama bado amedhoofika.

Dainamomita ya mkononi, kifaa cha kupimia nguvu, inatoa namba kwa nyutoni, lakini haiondoi mwili wangu kwenye jibu. Mwaka 2013 Kristian Thorborg na wenzake wa Denmark walionyesha kuwa wapimaji wasiolingana nguvu hupata namba tofauti kwa nyonga zilezile. Dawa yake ni mkanda: unafungwa kwenye kitu kisichosogea, unakishikilia kifaa, nguvu yangu inatoka kabisa kwenye hesabu. Mkanda wenyewe si ghali, jamani!

Halafu mahali pa kuweka kifaa. Mimi naweka sentimita 5 juu ya kifundo cha nje. Ukikihamishia juu ya goti, namba inapanda bila misuli kubadilika, kwa sababu wenzo, yaani umbali kutoka nyonga hadi kifaa, umefupika. Kwa hiyo pima pia urefu huo, uuzidishe na nguvu, uandike nyutoni-mita. Andika na mkao, maana kulala chali na kulala ubavu si kipimo kimoja.

Linaloniuma zaidi ni neno "nafuu" linaloandikwa haraka. Tuseme kosa sanifu la kipimo chako, yaani kiasi namba inavyoyumba yenyewe ukirudia kupima, ni asilimia 6. Kwa mgonjwa mmoja, badiliko la kuaminika ni hilo mara 2.77, yaani karibu asilimia 17. Aliyepanda asilimia 10 huenda amepata nguvu, huenda ni kipimo tu kimeyumba. Huyo simruhusu kurudi kwenye pikipiki kwa namba hiyo peke yake. Namtazama kwanza akisimama kwa mguu mmoja, kama kiuno kinashuka upande wa pili.