Jinsi nilivyoifanya yadi ya magari inyooshe bodi kabla sijamaliza kulipa

Gari nimeshalichukua, kwa hiyo naandika kwa anayetafuta Toyota IST iliyotumika hapa Mbeya. Bampa la nyuma lilikuwa na mikwaruzo, mlango umebonyea, taa za mbele zimekuwa njano. Kuomba punguzo kuligonga mwamba, na ahadi ya muuzaji, "lipia tu bosi, tutarekebisha", sikuiamini.

Kilichosaidia: niliomba gari lioshwe, likaushwe kabisa, litolewe juani, si asubuhi ya ukungu. Likiwa limelowa, mikwaruzo midogo haionekani! Nikapiga picha, kila kasoro ikaandikwa kwenye mkataba wa mauziano kabla ya kusaini, pamoja na sharti kwamba salio nalipa kazi ikiisha. Fundi rangi akaitwa siku hiyohiyo. Taa wakazipiga msasa laini na polishi, zikang'aa.