Binti Kahamia Kitanda Kikubwa

Nilipomkuta binti yangu amening'iniza mguu juu ya kizuizi cha kitanda chake, nilijua kitanda hicho basi tena. Urefu wake ulikuwa unakaribia sentimita 90, na kizuizi kilimfika kifuani tu. Mtoto akishaweza kukwea, leo au kesho ataanguka.

Kitanda kipya tulikiweka kona ileile, na blanketi lake la zamani na yule sungura wake asiye na sikio. Baba yake alitaka tununue kila kitu upya. Nikakataa: mtoto anahama kitanda, hahami dunia. Kabati la droo tulilikaza ukutani kwa skrubu, maana sasa anaweza kushuka usiku na kulipanda sisi tukiwa usingizini. Chini tukatandika godoro jembamba.

Usiku wa kwanza alilala fofofo. Vituko vilianza alipogundua kwamba hakuna kinachomzuia. Alikuja chumbani kwetu kuomba maji, kisha kuuliza kama mwezi una miguu. Kila alipokuja nilimshika mkono nikamrudisha, bila hadithi wala hasira: "Usiku ni wa kulala, mama." Baba yake, badala ya kunisaidia, alikuwa anacheka gizani. Siku hizi huja alfajiri tu, na zamu hiyo nimemwachia yeye.