Mchezo wa magari: tulivyoacha kutoa gari nne kila asubuhi kwenda Mtumba

Nimechoka kuulizwa kama nimeuza gari. Gari ipo, imepaki hapo nje chini ya mwarobaini na mafuta inayo, ila wiki hii sio zamu yake. Nimeamua niandike yote kwa mkupuo maana nikieleza nusu nusu watu wanabaki kunionea huruma, na mimi huruma siitaki, nataka mtu aelewe kwamba sisi wanne wa ofisi moja, kwa kupeana zamu za magari, tumepata kitu kilichotuokolea hela nyingi na roho zimetulia.

Mimi nakaa Nkuhungu, ofisi ipo Mji wa Serikali kule Mtumba. Anayeijua Dodoma ameshaelewa, yaani unatoka magharibi unaupasua mji wote unatokea mashariki, na Mtumba yenyewe ni kama kilomita 17 kutoka katikati ya mji, kwenda na kurudi nilikuwa nakula karibu kilomita 50 kwa siku. Na mji huu sio ule tulioukuta. Sensa ya 2012 jiji hili, enzi hizo bado manispaa, lilikuwa na watu 410,956, sensa ya 2022 ikatukuta 765,179, na wote hao kama vile wana safari saa moja asubuhi kwenye barabara hiyohiyo ya Dar es Salaam. Ikifika Aprili Bunge la bajeti linaanza mpaka mwisho wa Juni, hapo ndo utajua hujui, misafara inapita mnasimamishwa, malori ya kwenda Rwanda na Burundi nayo yapo humohumo, bodaboda zinapenya kila upenyo.

Mwaka 2023 bei ya petroli ilipopita elfu tatu na mia mbili kwa lita nilikaa chini na daftari. Gari yangu ni ndogo ya Kijapani, cc 1300, watu wote wanaisifia haili mafuta. Kwa foleni zile ilikuwa inaenda kilomita 11 hivi kwa lita. Nikapiga hesabu siku 22 za kazi, ikatoka laki tatu na ushee, mafuta tu, bado oili, tairi, na mkopo wa gari yenyewe unakatwa kwenye mshahara. Nililia siku hiyo, kweli tena.

Basi nikaanza kuomba ushauri, na hapa ndo nina hasira mpaka leo. Shemeji yangu mmoja akaniambia ukifika mteremko weka nyutro, yaani itoe kwenye gia, gari iteleze yenyewe, injini inapumzika. Nilifanya hivyo wiki mbili nzima. Kumbe hizi gari za nozeli, zinazomwagiwa mafuta kwa kompyuta, ukiachia mguu huku ipo kwenye gia, kompyuta inafunga mafuta kabisa kwa muda ule, ila ukiweka nyutro inabidi imwage mafuta kidogo injini isizime. Kwa hiyo nilikuwa napoteza, alafu najihatarisha, maana gari ikiwa nyutro injini haikusaidii kushika breki hata chembe. Msifanye hivyo jamani.

La thamostati, kile kidude kinachozuia maji ya kupoza injini mpaka yapate moto, ndo liliniuma zaidi. Fundi mmoja wa gereji ya chini ya mti, alikuwa ameshanitengenezea breki vizuri tu kwa hiyo nilimwamini, akaniambia dada, Dodoma hii joto, hiyo thamostati inabana maji yasizunguke, injini inafanya kazi kwa shida ndo maana inakula mafuta, tuitoe. Nikamwambia toa. Akaitoa mbele yangu, kidude kidogo cha shaba chenye springi, kinakaa kiganjani, akaniwekea kwenye mfuko wa rambo nikaenda nacho nyumbani. Elfu kumi na tano ya ufundi. Hiyo ilikuwa mwezi wa sita, na mwenyeji anajua mwezi wa sita na wa saba Dodoma asubuhi ni baridi na upepo unaokata masikio. Kwenye dashibodi ya gari yangu kuna taa ya bluu ya kuonyesha injini bado baridi. Zamani natoka nyumbani nikifika lami imeshazima. Baada ya kutoa thamostati ile taa ikawa inawaka Nkuhungu, inawaka tukikatiza mjini, napita Bunge bado inaniangalia, inakuja kuzima huko mbele Nzuguni. Mimi nikawa nafurahi, nasema injini yangu sasa haipati joto, imepona. Mwisho wa mwezi mafuta yamepanda kama ya elfu hamsini zaidi.

Aliyenifungua macho ni kijana mwingine wa umeme wa magari, nilimpelekea taa ya mbele tu. Akaona ile bluu inawaka huku gari imetembea, akaniuliza dada thamostati ipo? Nikasema ipo nyumbani kwenye droo. Akanieleza taratibu kama anamfundisha mtoto, kwamba injini ikiwa baridi kompyuta inaongeza mafuta ili iwake vizuri, sasa isipopata joto lake inaendelea kuongezewa safari nzima. Na ile ya joto la Dodoma haina maana, thamostati inafunguka yenyewe maji yakipata moto, kazi yake ni hiyo. Nikarudisha ileile, nikabadilisha na gasketi yake, na maji ya bomba nikamwaga nikaweka kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Taa ikaanza kuzima mapema kama zamani. Fundi akikwambia atoe kitu ambacho kiwanda kimeweka, muulize kwanza kiliwekwa kwa kazi gani, akishindwa kujibu chukua funguo yako uondoke.

Alafu kuna waliosema tumia ringi rodi, haina foleni. Ile barabara ya mzunguko wa nje ni kilomita 112.3, inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa, Matumbulu inarudi Nala. Imepangwa ili malori yasiingie katikati ya mji na ni kitu kizuri sana, lakini mtu wa Nkuhungu aanze kurudi nyuma mpaka Nala ndo azunguke aje Mtumba, kipande hicho tu ni karibu kilomita 50. Foleni hana, na mshahara pia hana.

Sasa kwenye lenyewe. Kwanza nilijaribu kubeba wenzangu kwa kuchangia mafuta. Ofisini tuko wanne tunaotoka upande mmoja, mimi, mzee wa masijala, dada wa manunuzi na dogo wa TEHAMA, na kila mtu alikuwa anatoka na gari yake peke yake ndani, viti vingine vyote vitupu, yaani gari nne zinafuatana kwenye foleni moja tunapungiana mikono. Nikasema njooni kwangu, kila mmoja elfu mbili kwa siku. Wiki ya kwanza raha. Ya pili dada akawa hajabadilisha hela, atalipa kesho. Ya tatu mzee hakuja siku mbili, akauliza kwa nini anadaiwa za siku tano, na mimi nilishaweka mafuta ya watu wanne. Tukaanza kununiana ndani ya gari, mkifika ofisini mnasalimiana kama mmekutana msibani.

Kilichomaliza ile biashara ni asubuhi moja trafiki alitusimamisha. Akaangalia namba ya njano, akaangalia watu wanne na mikoba, akaniuliza mama hawa ni nani, nikasema wafanyakazi wenzangu. Akainama dirisha la nyuma akamsalimia dogo vizuri tu, kijana unampa dada shilingi ngapi? Dogo kwa moyo mweupe akajibu, "Afande, namchangia elfu mbili kila siku." Mikono yangu ilikufa ganzi kwenye usukani. Yule afande wala hakuwa na ubaya, alinishusha pembeni akanieleza kwamba nikipokea hela kwa kichwa nimeshakuwa daladala, gari ya biashara ina namba nyeupe na leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na siku nikipata ajali bima yangu ya gari binafsi inaweza kunikana kwa sababu nilibeba watu kwa malipo. Akatuachia kwa onyo. Hilo la bima sikuwa nimelifikiria hata siku moja, na nilikuwa nimebeba baba za watu na watoto za watu.

Nikaacha. Mwezi mzima tukarudi kwenye gari nne.

Wazo lilinijia Jumamosi kwenye mchezo, ule wa kuchangiana hela kwa zamu. Wanawake tuko kumi, kila wiki mmoja anapokea, na mwaka wa sita huu hatujawahi kugombana kwa sababu kila mtu anajua zamu yake ni lini. Nimekaa pale nimeshika sahani ya pilau nikajiuliza, hivi kwa nini tusicheze mchezo wa magari? Sio hela, zamu. Wiki hii gari yangu na mafuta yangu, wiki ijayo ya mzee, inafuata ya dada, inafuata ya dogo. Hakuna anayempa mwenzake hata mia. Jumatatu nikawaita wakati wa chai nikawaambia, mzee wa masijala akapiga meza, "Mwanangu, hilo ndo neno!" Tukaokota vikaratasi pale pale nani aanze.

Mambo mengine yalijipanga yenyewe, ila machache yalitugharimu mpaka tukayapata. La kuchelewa ndo lilikuwa gumu, maana faini ya hela inarudisha ule ugomvi wa mwanzo. Tukaamua anayechelewa zaidi ya dakika tatu gari inaondoka, akapande daladala, na juu ya hapo anaongezewa siku moja kwenye zamu yake. Dada wa manunuzi alipigwa siku mbili mwezi wa kwanza, toka hapo yeye ndo anatusubiri barabarani. Tunatoka saa 12:15 asubuhi kamili, na tukishafika mbele hivyo foleni inakuwa bado haijashika. Jioni mwisho wa kusubiriana ni saa 10:15, mwenye kikao atajitegemea. Gari ikiharibika unabadilishana zamu na anayefuata, hakuna maelezo marefu. Na kabla ya yote niliingiza namba ya kila gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kuhakiki bima, moja tukakuta imeisha siku tisa zilizopita na mwenyewe hajui. Hapa sikumwonea mtu aibu, nilisema sipandi mpaka ilipwe, ikalipwa siku hiyohiyo.

Kitu kingine cha sisi watu wa magharibi: asubuhi unaendesha kuelekea jua linachomoza, jioni unarudi unaelekea jua linazama. Macho yako yanapigwa safari zote mbili, wenzetu wanaokaa mashariki ya Mtumba hawalijui hili. Na vumbi la Dodoma linaganda kwenye kioo kwa ndani, watu wanafuta nje tu. Jua likishapiga ule utando huoni kitu, bodaboda inaibuka kama imetoka hewani. Mimi Jumapili jioni nafuta kioo kwa ndani na gazeti lenye siki kidogo, alafu gazeti kavu. Dogo siku ya kwanza kuendesha baada ya kufuta alisema dada kwani kioo umekitoa?

Na faida ambayo sikuitegemea ni mazungumzo. Mzee wa masijala alianza kazi enzi za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyoanza 1973 ikavunjwa 2017, basi tukiwa kwenye foleni anatusimulia. Anasema ule mpango wa kwanza wa mji, wa 1976 waliouandaa Wakanada, haukuwa mpango wa magari kabisa, ulitaka watu watembee kwa miguu, wapande baiskeli na mabasi yawe na njia yake. Nilimsikiliza huku naangalia mbele magari yamejipanga, moja moja mtu mmoja mmoja, nikajisikia vibaya mwilini. Tulikuwa na akili hiyo toka 1976.

Hesabu sasa. Kwa mwezi natoa mafuta wiki moja tu, gari ikiwa na watu wanne inakula zaidi kidogo, sema elfu sabini na tano mpaka themanini. Kutoka laki tatu. Wiki tatu zilizobaki gari inatoka Jumamosi kwenda sokoni Majengo na Jumapili kanisani. Oili nilikuwa namwaga kila baada ya miezi miwili na kidogo, saiv nakwenda miezi mitano sita. Hela iliyobaki miezi mitatu ya kwanza nilinunua simtanki ya lita 1000 na mnara wake, iliyofuata ikaenda ada ya shule.

Wiki iliyopita akatufuata kaka mmoja wa uhasibu, anakaa Kizota, anataka aingie. Dada wa manunuzi alikuwa tayari tubanane watu watatu nyuma, nikakataa. Nimemwambia atafute watatu wengine upande wake waanze mchezo wao, vikaratasi nitakuja kuwakunjia mwenyewe. Amepata wawili mpaka leo. Zamu yangu inaanza Jumatatu, nimeshajaza upepo, gazeti na siki vipo hapa mezani.