Nani alikulisha siku ya mechi?

Kazi hii niliipata kwa kuuliza swali kwenye kikao. Wanafunzi wa zamani wa shule yetu, sekondari ya Kikatoliki hapa Mombasa, walikuwa wakipanga hafla ya kuwaenzi makocha na familia zilizoilea shule. Ukumbi ulishajadiliwa, pilau ilishajadiliwa, hata rangi ya fulana. Nikauliza majina yenyewe yako wapi. Watu wakatazamana, kisha mwenyekiti akasema: "Basi wewe ndiye utakayetuletea."

Ofisini sikupata mengi. Shule zetu nyingi za Kikatoliki ni za umma: Kanisa ndilo mfadhili, walimu ni wa TSC, tume ya serikali inayowaajiri, na mwalimu akihamishwa huondoka na kumbukumbu zote kichwani mwake. Vikombe vilijaa kabatini, vimechorwa jina la mashindano na mwaka, la kocha hakuna. Picha za timu zilikuwapo pia, na humo kocha husimama pembeni kabisa, bega moja limekatwa na fremu.

Tena makocha wetu wengi hawakuwa walimu. Mpira wa kikapu hapa Mombasa una watu wake bandarini. Timu za KPA, mamlaka ya bandari, za wanaume na za wanawake zinajulikana nchi nzima, na ukumbi wao uko Makande. Aliyetufunza sisi alikuwa mfanyakazi wa bandari, mkaazi wa Likoni. Akitoka zamu ya usiku hulala kidogo, kisha jioni huvuka tena kuja kutukimbiza. Feri kwa mtu wa miguu haitozwi kitu, naye alikuwa akituambia ndiyo maana hata mafunzo yake ni ya bure. Mtu kama huyo humkuti kwenye faili lolote la mishahara.

Wenzangu walitaka nitume ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: "Taja waliochangia maendeleo ya shule." Niliona hilo litaniletea wenye magari na wenye vyeo. Nikaandika: "Siku ya mechi ulilishwa na nani? Na usiku, mkichelewa kurudi, nani alikufikisha kwenu?" Hapo simu haikupumzika. Yalikuja majina ambayo hakuna mwanakamati aliyewahi kuyasikia: mama wa Tudor aliyekuwa akituma mahamri na mbaazi kwa timu nzima ilhali mwanawe mwenyewe ni wa akiba, dereva wa matatu ya Kisauni aliyekuwa akiwashusha wavulana mlangoni kwao bila kudai nauli, familia moja ya Kiislamu ya Majengo ambayo, mechi zikiangukia Ramadhani, iliwafuturisha wachezaji wote, waliofunga na wasiofunga.

Majina yakazidi, ikabidi kuweka kanuni. Mtu anaingia kwenye orodha akitajwa na wanafunzi wawili wa miaka tofauti, wasio jamaa zake wala wa mwenziwe. Basi. Mchangiaji mmoja mkubwa alitaka babake aitwe mwasisi, na hakuna aliyemtaja. Nilimwendea mwenyewe, nikamwamkia, nikamwonyesha orodha na jinsi ilivyopatikana. Mchango wake aliuondoa. Tukapunguza fulana.

Siku nayo ilikuwa na kazi yake. Mombasa hupati siku isiyo na sala ya mtu: Ijumaa ina wenyewe, Jumamosi tuna familia ya Wasabato, Jumapili asubuhi kila mtu yuko kanisani kwake. Tukachagua Jumapili baada ya swala ya alasiri, tumalize kabla ya magharibi. Misa ya makocha waliofariki tuliitenga, ikasomwa asubuhi ile parokiani, padri akataja majina yao kwenye nia, na mwenye kutaka kuhudhuria akahudhuria. Kuna waliolalamika kwamba hafla ya shule ya Kikatoliki haina Misa ndani yake. Kwangu mimi, kumwalika Bi mkubwa aliyekulisha miaka minne halafu umkalishe kwenye ibada isiyo yake hadi miguu imfe ganzi, si heshima. Jiko lilikuwa moja na nyama ni ya halali, kwa hiyo hapakuwa na meza ya hawa na meza ya wale.

Na muda ule mfupi ulitufaa kuliko nilivyotarajia, maana hotuba zilikosa nafasi. Badala ya mgeni wa heshima, kila anayeenziwa aliitwa na mwanafunzi wake, ambaye aliruhusiwa kusimulia kisa kimoja tu.

Kuhusu zawadi tulivutana kweli. Mmoja alitaka tupande miti, kama shule ya St. Patrick's ya Iten, ambako mabingwa wa riadha wana miti yao uani. Kule Brother Colm O'Connell alifika kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, hana ujuzi wa riadha, akaja kumnoa hata David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kwenye Olimpiki ya London 2012. Nampenda sana mzee yule, lakini uwanja wetu sisi ni saruji hadi ukutani. Wengine walitaka ngao za kioo. Nikawauliza mama wa mahamri ataiweka wapi ngao, juu ya friji? Tukaenda Biashara Street tukanunua leso kwa akina mama na vikoi kwa wanaume. Majina ya leso, yale maneno yaliyochapwa juu yake, tuliyasoma moja moja kabla ya kulipa, kwani ziko zinazotukana kwa adabu, na mzee wa duka alitusaidia kuziepuka huku akicheka. Kila mmoja tukamwongezea picha ya timu iliyosafishwa upya, na pale ambapo picha nyingine ilipatikana, bega la kocha likarudi.

Zawadi ya aliyefariki ilipokelewa na mjane wake au mwanawe. Hapo ndipo nilipoona vijana wa kidato cha pili wakiacha simu zao, kwa kuwa baadhi ya waliosimama ni nyanya zao wenyewe na hawakuwa wakijua.

Kocha wetu wa Likoni aliitwa mwisho. Alijifunga kikoi juu ya suruali papo hapo, akashika kipaza sauti, nasi tukangoja shukrani. "Ahsanteni," akasema. "Januari mpira wa kikapu unaanza, na juzi nimepita uwanjani, ringi zote mbili hazina neti. Nani analipa?"

Kofia ikazungushwa. Ilipomfikia mama wa Tudor akaisukuma kwa jirani: yeye, akasema, zamu yake ni chakula, na anataka kujua mwaka huu timu ina watoto wangapi.