Usichomelee bati la gari kwa mstari mmoja

Wiki hii gereji yetu hapa Ndeeba, Kampala, imeletewa teksi ya abiria 14 ambayo bati la ubavu lilibadilishwa kwingine. Ukilisukuma kwa kidole gumba linaingia ndani, ukiachia linaruka na kulia "twa". Rangi inang'aa, puti imelainishwa vizuri, lakini bati lenyewe limeharibika. Kilichoharibu ni moto.

Chuma kikipata joto hutanuka. Kwa jua tu si sana: mita 1 ikipanda nyuzi 40, tuseme boneti nyeusi kutoka baridi ya alfajiri hadi jua la saa nane mchana, inaongezeka karibu nusu milimita. Mwanya wa kando ya mlango unaimeza bila shida. Zinki iliyopakwa juu ya bati kuzuia kutu hutanuka zaidi ya mara mbili ya chuma, lakini ni utando wa maikromita chache, kwa hiyo inakwenda chuma kinakokwenda.

Kwenye kuchomelea ndiko kuna kazi. Sentimita 10 za bati zikifika nyuzi 800 zinadai karibu milimita 1 zaidi, na bati la baridi lililozizunguka halitoi nafasi. Basi sehemu ile inavimba, inajibana yenyewe ikiwa laini. Ikipoa inasinyaa, inabaki fupi kuliko mwanzo, inavuta kila kilicho jirani. Ukishuka mstari mmoja toka juu hadi chini, ni kama fundi cherehani aliyekaza uzi mpaka kitambaa kikakunjamana.

Vijana ninaofanya nao kazi nawaambia kila mara: nukta moja hapa, nyingine kule mbali, ngoja hadi mkono uvumilie kugusa, ndipo urudi katikati. Mwenye gari atakuharakisha kwa sababu teksi isiyotembea haileti hela, na ana haki. Hata hivyo angoje.

Zinki nayo huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi na kuchemka kwenye 907, wakati chuma hakiyeyuki mpaka karibu 1,500. Kwa hiyo unapochomelea inatoroka yote, ule moshi mweupe, na ndio unaoleta homa na kutetemeka usiku. Maziwa tunayokunywa hayauzuii, jamani. Saga zinki kwanza pale utakapochomelea, vaa barakoa ya moshi, fanyia kazi penye upepo. Ukimaliza paka praima (rangi ya kwanza ya chini) yenye zinki, na upande wa ndani pia, chini kabisa ambako maji ya mvua hutuama.